Kupima Uzito wa Ardhi: Jibu kwa Mzee Aliyeuliza

Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wazee, walimu na vijana.



Mimi si mtaalamu wa miamba. Kazi yangu ni kufasiri: maneno ya wataalamu nayageuza yawe Kiswahili, na maneno ya raia nayarudisha kwa wataalamu. Nimechagua kusema juu ya jambo hili kwa sababu siku moja lilinishinda mbele ya watu, nami nimebaki na deni tangu siku hiyo.

Ilikuwa katika baraza moja upande wa kaskazini. Walikuja mabwana wapimaji na gari moja, na sanduku dogo ambalo mtu mmoja aweza kulibeba kwa mkono. Wakaomba ruhusa ya kupita katika malisho na kuliweka sanduku lile chini kila baada ya kilomita moja au mbili. Nikaambiwa nieleze watu sanduku lile lafanya nini. Nikasema, "Linapima uzito wa ardhi."

Baraza likanyamaza. Kisha mzee mmoja akainuka, akaegemea fimbo yake, akasema: "Mwanangu, mimi nimeuza ng'ombe na mbuzi na ngozi tangu ujana wangu. Sijaona mtu akipima uzito wa kitu asichotaka kukinunua au kukiuza. Ardhi hii mnampimia nani?"

Nilimjibu vibaya. Nilitoa maneno mengi juu ya elimu na maendeleo, wala hapana aliyeridhika. Tena nikazidi kuharibu nilipotaja "bonde lililoko chini." Watu wakatazama huku na huku. Nchi ile yote ni tambarare kama sakafu, wasione bonde lolote. Mmoja nyuma akanong'ona kwamba bila shaka watu hawa wanataka kulichimba hilo bonde, na ng'ombe wataingia humo. Ruhusa haikupatikana siku ile, nami sikuwalaumu.

Leo nataka kumjibu mzee yule tena, polepole, ingawa hayupo hapa.

Kwanza neno lile "bonde." Yeyote anywaye kahawa ya buni ayajua yale machicha meusi yabakiayo chini ya kikombe. Kwa Kiswahili twayaita mashapo. Mto ushukapo kutoka milimani hubeba mchanga, udongo na matope; ukifika mahali penye maji yaliyotulia, kama ziwa au bahari, mzigo ule huzama chini, na mwaka wa pili huja mzigo mwingine juu yake. Miaka elfu moja si kitu katika kazi hii. Hesabu yake ni ya mamilioni. Na mahali ambapo nchi yenyewe inadidimia polepole, kama ilivyodidimia katika Bonde la Ufa, matabaka huongezeka bila ya kulijaza shimo upesi, kwa kuwa shimo nalo lazidi kushuka. Mwisho wake ni kama bakuli kubwa la mwamba wa kale, mgumu na mzito, lililojazwa mashapo mepesi hata ukingoni, kisha likafunikwa na mchanga wa leo au mawe ya volkano. Atembeaye juu yake haoni bakuli. Aona uwanda, migunga, na mbuzi.

Hilo ndilo nililoliita bonde, na hapo ndipo nilipokosa. Tangu siku ile nasema bakuli.

Kwa nini mtu ataabike kulitafuta? Atafutaye maji na atafutaye mafuta wote wawili huanza na maswali yaleyale. Bakuli liko wapi, upande gani una kina, na ukingo wake wapita wapi? Maji hukaa katika vitundu vidogo vya mchanga ulioshindiliwa, wala hayapatikani kwa wingi katika mwamba mgumu isipokuwa penye nyufa. Mafuta nayo hutoka katika matope ya kale yaliyozikwa chini sana, kilomita kadhaa, ambako joto la dunia huyapika. Bakuli lisilo na kina halipiki kitu. Kisima kimoja cha mafuta chagharimu mamilioni ya dola, na kisima cha maji kilichokosa maji ni hasara ya kijiji kizima. Basi yafaa kujua umbo la bakuli kabla ya kutoboa.

Sasa tuje kwenye uzito. Chukueni debe la lita 20. Likijazwa mwamba wa kale mtupu, pasipo nafasi ndani yake, uzito wake utakuwa kama kilo 54. Likijazwa mashapo machanga, litakuwa kilo 44 au 46. Mawe meusi ya volkano yatafika kilo 58 hivi. Hiyo ndiyo tofauti ambayo kazi yote hii imejengwa juu yake.

Twajua ya kuwa dunia huvuta kila kitu kuja chini; embe haliangukii juu. Lakini si dunia nzima tu kama kitu kimoja ivutayo: kila jiwe lililomo ndani yake lavuta, la karibu likizidi la mbali, na zito likizidi jepesi. Basi ukisimama juu ya mwamba mzito unavutwa kidogo zaidi. Ukisimama juu ya bakuli la mashapo unavutwa kidogo chini ya hapo. Kidogo kiasi gani? Hapa nawaomba mnisikilize, kwa sababu mimi mwenyewe nilidhani wataalamu wanatania.

Tuseme mna gunia la mahindi la kilo 90. Mkilitoa juu ya mwamba mgumu, mkalipeleka juu ya bakuli pana lenye mashapo ya kina cha kilomita moja, ambayo kila debe lake ni jepesi kuliko debe la mwamba kwa kilo 8, gunia litapungua gramu moja na nusu. Ni uzito wa punje tano au sita za mahindi. Wala hapana punje iliyoanguka njiani.

Wenye maduka walioko hapa wasiwe na hofu, wala wasiwe na tamaa. Mizani ya mawe haitaonyesha tofauti hiyo kamwe, kwa kuwa mawe ya mizani nayo yamepungua kwa kadiri ileile. Pande zote mbili zitakaa sawa. Mizani ya springi ndiyo iwezayo, maana springi haijui mawe, yajua kuvutwa tu. Lakini ile itundikwayo katika bucha haioni gramu moja katika kilo 90, na pengine haioni hata gramu mia, jambo ambalo mama zetu wamelisema siku nyingi.

Chombo cha wapimaji huitwa gravimita. Kwa asili ni mizani ya springi: uzito mdogo umetundikwa ndani ya sanduku lililofungwa, na sanduku hutunzwa katika joto lisilobadilika kwa nguvu ya betri, kwa kuwa springi ikipata joto hulegea. Mmarekani mmoja, Lucien LaCoste, alibuni katika miaka ya 1930 namna ya kuiweka springi hata uzito ukabaki karibu na kuelea, ukatikisika kwa badiliko dogo kabisa. Vyombo vizuri vya namna hii huhisi tofauti ya sehemu moja katika milioni mia. Wataalamu huhesabu kwa kipimo kiitwacho miligali. Uvutano wote wa dunia ni kama miligali 980,000. Na kilomita moja ya mashapo niliyoitaja hupunguza miligali 17 tu.

Kabla ya hapo kulikuwa na vyombo vingine. Mhungaria Loránd Eötvös alitengeneza mizani ya msokoto, yenye waya mwembamba ujisokotao, na mwaka 1901 akaipeleka juu ya ziwa Balaton wakati wa baridi kali, maji yalipoganda yakawa barafu. Wengi hucheka wasikiapo mtu kaenda kupima uzito wa ardhi juu ya ziwa. Lakini alikuwa na akili. Juu ya barafu nchi ni sawasawa kabisa. Hapakuwa na kilima karibu cha kumharibia hesabu.

Na hesabu huharibika kwa urahisi sana. Nimekaa na wapimaji siku nyingi, nami naona ya kuwa kusoma chombo ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kuondoa yale yasiyotakiwa. Kila upandapo mita tatu, unajitenga na kitovu cha dunia, na uvutano hupungua karibu miligali moja. Ndiyo maana mpimaji hubeba chombo cha kupokea ishara za setilaiti, apate kujua kimo cha mahali hapo barabara. Akikosea kimo kwa mita 50, hata akihesabu na uzito wa kilima chenyewe, atatangaza bakuli la kina cha zaidi ya nusu kilomita mahali pasipo na bakuli. Tena dunia si mviringo kamili, wala haikai kimya, yazunguka. Gunia letu la kilo 90 likipimwa kwa springi moja kwenye Ikweta na kwenye ncha ya dunia, huko nchani litazidi karibu nusu kilo. Hilo nalo lazima liondolewe.

Watu wa pwani wajua ya kuwa mwezi na jua huvuta bahari, maji yakajaa na kupwa. Wachache wajuao kwamba hata nchi kavu huinuka na kushuka kwa mvuto uleule, sentimita makumi kadhaa, nasi hatuhisi kwa sababu twainuka pamoja nayo. Gravimita yahisi. Vilevile springi huchoka kidogo kidogo mchana kutwa. Kwa hiyo mpimaji huanza asubuhi penye kigingi kimoja, huenda kazini, na jioni hurudi penye kigingi kilekile apime tena, apate kujua chombo kimepotoka kiasi gani. Watu waliona gari likirudi pale lilipoanzia, wakadhani kuna kitu kilichofichwa chini ya kigingi. Hapakuwa na kitu. Lakini mtu aking'oa kigingi, kazi ya siku nzima hupotea.

Baada ya siku nyingi za kazi hii kuna karatasi yenye tarakimu. Wataalamu hupiga mistari kuunganisha mahali penye kipimo sawa, kama vile ramani ya milima inavyochorwa. Mahali ambapo uvutano umepungua hutokea duara ndani ya duara, na ndani kabisa ndipo palipo mepesi kupita pote.

Hapa ndipo umbo la bakuli laanza kuonekana, na kwangu mimi sehemu hii ndiyo tamu. Bakuli za Bonde la Ufa kwa kawaida si kama sufuria. Ni kama mtumbwi uliolala ubavu. Upande mmoja nchi imekatika kwa ufa mkubwa ikashuka ghafula, kama ukuta. Upande wa pili imeinama taratibu kama mteremko wa kushukia mtoni. Basi katika ramani, upande wa ukuta mistari husongamana, kwa sababu kipimo hubadilika upesi ndani ya mwendo mfupi. Upande wa mteremko mistari huachana. Mtu aliyezoea huitazama karatasi akasema, "Ufa uko magharibi, kina kiko karibu nao, na mashapo yanapungua kuelekea mashariki," wala hajachimba hata shimo la kupandia mti.

Kusini mwa Turkana liko bakuli la namna hiyo hasa, liitwalo Lokichar. Ufa wake mkubwa uko upande wa magharibi. Katika miaka ya 1980 wataalamu walipeleka mitetemo chini ya ardhi na kusikiliza mwangwi wake, njia iliyo ghali zaidi lakini iliyo wazi zaidi, wakaona mashapo yanayofika kama kilomita 7 katika sehemu ya kina. Ndani yake mna matope ya maziwa ya kale, maziwa yaliyokauka kabla ya ziwa Turkana la leo. Mwaka 1992 kilichimbwa kisima cha Loperot-1, upande wa mashariki, mahali mwamba ulipoinuka. Kilionyesha dalili za mafuta, lakini si ya kufaa biashara, na watu wakaondoka. Miaka 20 ikapita. Mwaka 2012 kisima cha Ngamia-1 kikachimbwa upande wa magharibi, karibu na ule ukuta wa ufa, na mafuta yakapatikana. Visima vilivyofuata upande huohuo, kama Twiga na Amosing, navyo vikapata. Mwezi wa Agosti 2019 meli ya kwanza ilitoka Mombasa na mapipa kama 200,000 ya mafuta hayo, yaliyoletwa kwa malori kutoka Turkana. Bakuli ni lilelile moja. Lililotofautiana ni upande.

Lakini nisiwadanganye kwamba karatasi ile husema wazi. Tarakimu ni kweli. Fasiri yake ni jambo jingine, nami kwa kazi yangu najua hatari ya fasiri. Upungufu wa miligali 30 waweza kuletwa na bakuli la kina lenye mashapo yaliyoshindiliwa sana, au bakuli fupi lenye mashapo mepesi zaidi, au hata jambo lililo mbali chini lisilohusu mashapo kabisa. Hesabu ya peke yake haiwezi kuchagua. Neno moja, maana tatu. Tena kadiri mashapo yazikwavyo ndivyo yashindiliwavyo, hata huko chini kabisa yakaribia kuwa na uzito wa mwamba wenyewe. Basi sehemu ya kina hujificha, ikaonekana fupi kuliko ilivyo. Na mahali ambapo volkano imemwaga mawe yake meusi juu ya mashapo, uzito wa kifuniko hufuta wepesi wa kilichofunikwa.

Kuna mfano katika nchi zetu hizi ambao yafaa kila mfasiri aujue. Mwaka 1933 na 1934 Mwingereza E. C. Bullard, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alizunguka Afrika Mashariki akipima uvutano. Hakuwa na gravimita. Alikuwa na pendulamu, yaani uzito ubembeao huku na huku kama ule wa saa ya ukutani. Uvutano ukipungua, pendulamu hubembea polepole zaidi. Ilimpasa kuhesabu mbembeo kwa muda mrefu kila mahali, akilinganisha wakati wake na ishara zilizopelekwa kwa radio. Alipochapisha kazi yake mwaka 1936, alionyesha ya kuwa juu ya Bonde la Ufa uvutano umepungua. Hilo lilikuwa sahihi na limebaki sahihi. Lakini akafasiri, kwa kufuata fikira iliyokuwapo wakati ule, kwamba nchi imesongwa kutoka pande mbili, na sakafu ya bonde imekandamizwa chini na kuta zake. Wataalamu waliofuata waliona ni kinyume: nchi inavutwa mashariki na magharibi, inapanuka, na sakafu imeshuka kwa sababu pande zake zinaachana. Tarakimu za Bullard hazikukosa. Fasiri ndiyo iliyokosa, na aliyekosa hakuwa mjinga. Baadaye alikuwa mmoja wa wanajiofizikia wakubwa wa karne yake.

Ndiyo sababu siku hizi uvutano hausimami peke yake mahakamani. Huitiwa mashahidi: mitetemo, usumaku wa miamba, mawe yaonekanayo juu, na mwisho kisima. Kazi ya mitetemo iliyoitwa KRISP, iliyofanywa mwaka 1985, 1990 na 1994, ilionyesha ya kuwa gamba la dunia chini ya Naivasha lina unene kama kilomita 35, na chini ya Turkana kama 20 tu. Asiyejua hayo atazichanganya habari za gamba zima na habari za bakuli moja, kama mtu asikilizaye sauti mbili kwa pamoja akadhani ni moja.

Kuna bakuli jingine ninalolipenda zaidi, kwa sababu juu yake hapana kitu kabisa cha kulitambulisha. Kutoka jangwa la Chalbi, kupita uwanda wa Kaisut, na kwenda kusini mashariki kuelekea Lamu, nchi ni mchanga na mawe ya volkano. Mwaka 1977 C. J. Swain na M. A. Khan wa Chuo Kikuu cha Leicester walikusanya vipimo vya uvutano vya Kenya katika orodha moja. Kisha mwaka 1987 Colin Reeves, F. M. Karanja na I. N. MacLeod walichapisha maelezo ya vipimo vya uvutano na vya usumaku, wakasema: hapa kuna Bonde la Ufa la kale lililoanza kupasuka zamani za Jurasiki, likashindwa kuendelea, likajaa mashapo, likazikwa. Huitwa bakuli la Anza. Nawaomba vijana wa shule mlifikirie jambo hilo. Tuna Bonde la Ufa ambalo watalii hupiga picha. Na tuna jingine, la zamani zaidi, ambalo ng'ombe wa Marsabit na Garissa hutembea juu yake, wala lisingetambulika kwa urahisi isipokuwa kwa vyombo hivi.

Makampuni yalichimba visima huko katika miaka ya 1970 na 1980. Mashapo yalikuwapo, tena mazito ya kilomita nyingi. Mafuta ya kufaa biashara hayakupatikana katika visima vile. Je, bakuli lilikuwa la bure? Hasha. Katika mashapo ya juu ya eneo hilohilo mna maji yaitwayo maji ya Merti, nayo ndiyo yaliyonywesha Habaswein na kambi za wakimbizi za Dadaab kwa visima virefu. Lakini si maji matamu pote. Katikati ni matamu, na pembeni chumvi huzidi. Gravimita haionji. Haitofautishi maji matamu na ya chumvi, wala mchanga wenye mafuta na mchanga mkavu, kwa kuwa uzito wao hautofautiani vya kutosha. Yaonyesha chombo, haionyeshi kilichomo.

Nataja hili kwa makusudi. Mwezi wa Septemba 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba kuna maji mengi mno chini ya uwanda wa Lotikipi, huko Turkana. Yaligunduliwa kwa picha za setilaiti na njia nyingine, si kwa gravimita, lakini somo ni lilelile: walitazama kutoka juu, na ukubwa wa chombo ukatangazwa kana kwamba ni ukubwa wa kinywaji. Maji yalipopimwa baadaye yalionekana yana chumvi nyingi. Watu waliokuwa wametandika punda tayari ndio walioumia. Tangu hapo mimi nikiletewa karatasi ya kufasiri yenye neno "huenda," nalifasiri "huenda," hata kama bwana aliyeileta angependa nisilisikie.

Siku hizi wapimaji hawatembei tu. Kuna chombo kipimacho jinsi uvutano unavyobadilika kutoka upande hadi upande, nacho hufungwa ndani ya ndege. Kwa asili kilitengenezwa kwa ajili ya manowari za Marekani zipitazo chini ya bahari, na baadaye kikaruhusiwa kwa kazi za amani. Ndege za namna hii zilipimisha sehemu za Bonde la Ufa, Uganda upande wa ziwa Albert na kwetu Kenya upande wa Turkana, kabla ya visima vingi kuchimbwa. Faida yake kwa mfugaji ni hii: ramani ya ndege ikionyesha penye bakuli, magari ya mitetemo, ambayo hukata njia katika vichaka na kukanyaga malisho, hupelekwa huko tu badala ya kupelekwa kila mahali. Hasara yake ni kwamba ndege haiombi ruhusa barazani. Mwenye sanduku alisimama mbele ya mzee akaulizwa. Rubani hakuulizwa na mtu.

Basi nimrudie mzee wangu. Aliuliza, "Ardhi hii mnampimia nani?" Nilipaswa kumjibu hivi. Mzee, sanduku hili halichukui kitu. Halichimbi, halitoi moshi, halifukuzi mnyama. Lataka dakika chache za utulivu, na ng'ombe wasipite karibu wakati huo. Mwenye sanduku hawezi kwa kulisoma tu kusema kuna maji au mafuta, na akikuambia hivyo usimwamini. Lakini, mzee, hukukosea. Ramani itokayo humo ina bei yake, na huwasilishwa kwa watu wenye fedha kabla haijafika kwako. Kwa Katiba ya mwaka 2010, mafuta na madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya umma, yasimamiwayo na serikali. Ardhi ya juu, ikiwa ni ya jamii, ina sheria yake ya mwaka 2016. Mkataba wa mwekezaji juu ya ardhi hiyo lazima ukubaliwe na theluthi mbili za watu wazima katika mkutano wa jamii. Na Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 iliweka kwamba katika fungu la faida liifikialo serikali, sehemu 20 kwa 100 ziende kaunti, na sehemu 5 kwa 100 ziende kwa jamii ya mahali. Haki hizo haziletwi na gravimita, wala haziondolewi nayo. Ila siku gari la sanduku lifikapo, ndiyo siku ya kwanza ya kuzisoma, si siku ya mtambo wa kuchimba.

Tena ungeuliza, mzee, ramani ikiisha kuchorwa itawekwa wapi, na je, mwalimu wa shule yetu aweza kupata nakala? Swali hilo mimi mwenyewe nimewapelekea wapimaji mara mbili tangu siku ile. Mara ya kwanza walishangaa. Mara ya pili walileta karatasi, nayo naitundika hapa ubaoni. Duara hizi za ndani ndipo penye kina. Mistari hii iliyosongamana ni ule ukuta wa ufa. Na kituo hiki kidogo ukingoni ni mahali ambapo mpimaji alikataliwa kupita. Ndiyo maana mistari imechorwa kwa nukta nukta hapo.

Sasa wenye maswali wasogee karibu na ubao.